Dengu Mbichi, si Dengu za Kijani

Mmea ambao wataalamu huuita Cicer arietinum, ulioanza kulimwa yapata miaka 10,000 iliyopita katika nchi zilizo baina ya kusini mashariki ya Uturuki na kaskazini ya Shamu, kwetu Tanzania una jina moja tu, nalo ni dengu; na kwa kuwa aghalabu twaipata mbegu yake ikiwa imekwisha kukauka, ama nzima ndani ya gunia la mwenye duka, ama imesagwa unga wa bajia, jina hilo halikuhitaji sifa ya kulifafanua. Walakini dengu huliwa pia kabla hazijakauka, na hapo ndipo istilahi inapotakiwa.

Wako wapendao kusema "dengu za kijani". Siafikiani nao, kwani jirani zetu wa Kenya wakitaja ndengu hukusudia choroko, ambazo ni za kijani hata zikiwa kavu. Na fauka ya hayo, Bara Hindi kuna aina za dengu zisizopoteza ukijani zikikauka, ambazo zahitaji kurowekwa usiku kucha sawa na dengu kavu nyinginezo. Rangi, basi, haitujulishi umri wa mbegu, ilhali umri ndio unaoamua jinsi ya kuichagua, kuiweka na kuipika. Tazama tunda la mnazi: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi, majina yote hayo ni ya umri, wala hakuna hata moja la rangi. Dengu hazikujaaliwa utajiri huo, lakini tunayo kaida ya sokoni isemayo kunde mbichi na mbaazi mbichi, na sijapata kumwona mpishi aliyeambiwa anunue mbaazi mbichi akarudi na kavu kwa hoja kwamba hazijapikwa. Nashika, basi, "dengu mbichi".

Huuzwa zingali katika maganda, mara nyingi pamoja na mashina yake yaliyofungwa mafungu; Wamisri huziita malana na kuzila katika sikukuu yao ya Shamm en-Nasim, na Wapunjabi huziita chholia. Ganda lake ni fupi, limevimba, lina malaika yanayotoa tindikali, ndiyo maana amenyaye akilamba vidole huonja uchachu. Na ndani yake mna mbegu moja au mbili, tatu ni nadra. Chagua ganda la kijani kibichi ambalo ukilibonyeza waihisi mbegu, na uliache lililoanza umanjano, kwa sababu utamu wake umekwisha kugeuka wanga.

Usizimenye mpaka siku ya kuzipika. Zikikaa na maganda yake katika mfuko wa karatasi ndani ya jokofu, hustahimili siku chache bila ya kunyauka. Zikiwa nyingi, zimenye, zichovye katika maji yanayochemka kwa dakika 2, zitumbukize katika maji ya baridi sana, zikaushe, kisha zigandishe.

Hazirowekwi. Dakika 5 hadi 10 za kuchemka zatosha, na kuzidisha ni kuzipondaponda na kuziharibu rangi. Upande wangu naona hazina mapishi mazuri kuliko tui: kaanga kitunguu na bizari, tia tui jepesi, tia dengu, na tui zito liingie mwisho kabisa, moto ukiwa mdogo. Asiye na wasaa azikaange na maganda yake katika chuma kikavu mpaka yaungue madoadoa, kisha anyunyize chumvi na kumenya akila.

Huku kwetu dengu hustawi katika udongo mweusi wa mbuga za Shinyanga, Simiyu na Mwanza, zikipandwa mvua zinapokaribia kwisha na kuishi kwa unyevu uliobaki ardhini, na nyingi huachwa zikauke ili zisafirishwe Bara Hindi. Namwomba mkulima wa Kishapu au Maswa achume mafungu machache mapema, ayapeleke sokoni, na ayatangaze kwa jina la dengu mbichi.