Miaka Isiyo na Padre



Wapendwa Taifa la Mungu, kila siku katika Sala ya Bwana tunaomba jina la Mungu litakaswe. Wengi wetu hudhani kwamba ombi hilo hutimizwa kanisani tu: kwa uvumba, kwa nyimbo, na kwa magoti yapigwayo mbele ya Ekaristi Takatifu. Je, padre asipokuwepo? Viko vigango vinavyokaa majuma kadhaa bila Misa, katekista akiongoza Ibada ya Neno. Wapo wasemao kwamba Dominika ya namna hiyo si Dominika, nao huchukua majembe yao wakaenda shambani. Historia ya Kanisa katika nchi hizi za Ziwa inatufundisha vingine.

Mwezi Februari 1879, Padre Simeon Lourdel na Bruda Amans wa Shirika la Wamisionari wa Afrika walifika Buganda, wakivuka Ziwa kutoka upande wetu wa kusini. Mwaka 1882 walibatizwa huko Yosefu Mukasa Balikuddembe, Andrea Kaggwa, Matiya Mulumba na Luka Banabakintu. Lakini mwezi Novemba mwaka huohuo, wamisionari waliona usalama umekuwa mdogo, wakaondoka. Walikuja kwetu Usukuma, wakakaa Kageye, na mwaka 1883 wakaanzisha misioni ya Bukumbi. Hawakurudi Buganda hadi Julai 1885.

Tazameni basi: Usukuma ulipopata mapadre, Buganda ilibaki bila padre hata mmoja kwa zaidi ya miaka miwili na nusu. Hapakuwa na Misa wala kitubio. Waliobaki walikuwa Wakristo wachanga.

Imani haikuzimika. Balikuddembe aliwafundisha vijana watumishi katika jumba la Kabaka. Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wa mfalme, aliwakusanya watu na kuwafundisha dini. Mulumba na Banabakintu waliwaongoza waumini wa Mityana. Huyo Mulumba alikuwa mtu mwenye cheo na wake wengi. Alipoutaka ubatizo alibaki na mke mmoja. Pamoja nao alikuwapo Noe Mawaggali, mfinyanzi wa vyungu. Wamisionari waliporudi walikuta kundi limeongezeka.

Watu hao walimheshimu Mungu aliye Mtakatifu mahali walipokuwa: jikoni, kwenye udongo wa ufinyanzi, na mbele ya mfalme. Ndiyo maana walipojaribiwa hawakuyumba. Balikuddembe aliuawa tarehe 15 Novemba 1885, baada ya kumkemea Kabaka Mwanga kwa kumuua Hannington, askofu wa Kianglikana. Tarehe 3 Juni 1886, Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo. Ushujaa wa siku hiyo ulikuwa umelelewa katika siku nyingi za kawaida.

Tarehe 18 Oktoba 1964, Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu mashahidi hao 22. Majuma yasiyotimia matano baadaye, tarehe 21 Novemba, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya Kanisa, ambayo sura yake ya tano yafundisha kwamba waamini wote, na si mapadre na watawa pekee, wameitwa kwenye utakatifu. Mfinyanzi wa Mityana alikuwa ameyaishi mafundisho hayo miaka 80 kabla hayajaandikwa.

Nasi hapa Lagangabilili tujiulize. Mnadani, mtu amwuzapo ng'ombe mgonjwa na kuapa "Haki ya Mungu, ni mzima!", je, jina la Mungu limetakaswa? Achezeaye mizani ya pamba Jumamosi, ataimba "Mtakatifu" kwa kinywa gani Dominika? Na baba ambaye nyumbani mwake hakuna hata sala ya jioni, anamngoja padre aje kufanya nini?

Juma hili, hasa penye kigango kisicho na Misa, nawaomba mambo mawili. Mwende kwenye Ibada ya Neno na kwenye jumuiya yenu kama mwendavyo kwenye Misa. Tena, jina la Mungu lisitumike kufunika uongo sokoni wala nyumbani.

Watakatifu Karoli Lwanga na wenzake, mtuombee.