Nyumba Kati ya Mlima na Ziwa: Namna ya Kujikinga na Maji Hapa Uvira

Mtu akijenga nyumba hapa Uvira anapata majirani wawili ambao hakuwachagua: mlima na ziwa. Mvua kubwa ikinyesha juu ya Mitumba, mito Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira inashuka mbio pamoja na mawe. Ziwa lenyewe halina haraka, linapanda pole pole, mwaka kwa mwaka. Njo maana tunahitaji dawa mbili, siyo moja.

Dawa ya kwanza ni ya maji ya mlima. Kwetu hatuna desturi ya kuchimba chumba chini ya nyumba. Tunachokinga ni fondasio. Wazee walituonyesha kuchimba mfereji upande wa juu wa nyumba. Udongo uliotoka humo walimwaga ndani na kuupiga, mpaka sakafu ikapanda kuliko uwanja. Kando ya mfereji walipanda migomba na matete, ili mizizi ishike udongo.

Lakini jambo kubwa ni mwisho wa mfereji. Maji hayapotei kwa sababu yametoka kwako. Kama yanaishia kwenye ukuta wa jirani, umemtumia hasara yako. Kwa hiyo mfereji ulikuwa kazi ya majirani wote, toka juu mpaka mtoni. Hata salongo ya wakati wa Zaïre, ambayo wengi hawakuipenda kwa kuwa ilikuwa ya lazima, ilisaidia kusafisha kanivo.

Dawa ya pili ni ya ziwa, nayo inadai kumbukumbu. Mwezi wa 11, 1871, Livingstone na Stanley walifika kwenye ncha ya kaskazini, wakaona kwamba Ruzizi inaingia ziwani, haitoki. Mlango wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga, kule Kalemie. Miaka ile mlango huo ulikuwa umezibwa na udongo na majani, na ziwa likajaa. Karibu na 1878 Lukuga ikafunguka, na kwa miaka iliyofuata ziwa likashuka karibu metre 10. Likaacha wazi nchi tambarare, nasi tukaanza kuiona kama yetu. Kumbe ilikuwa ya ziwa. Baada ya mvua nyingi zilizoanza mwisho wa 1961, lilirudi kuchukua sehemu yake mwaka 1964. Mwaka 2024 likapanda tena karibu na kipimo kile, na watu wa Uvira, Baraka, Kalemie na Bujumbura wakahama nyumba zao.

Je, tulikosa kujua? Hapana, tulisahau. Vita ilileta watu wengi mjini, viwanja vikawa vidogo, tukajenga mpaka ndani ya njia ya mto. Mlimani miti ilikatwa ikawa makala. Na sisi wenyewe tulifunika mifereji tupate nafasi ya kibanda, tukatupa takataka ndani ya kanivo. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17, mwezi wa 4, 2020, Mulongwe ilitoka njiani. Makumi ya watu walikufa, na maelfu wakabaki bila nyumba. Ule usiku mto haukuuliza nani alisafisha mfereji wake na nani hakusafisha.

Mifuko ya mchanga mlangoni inasaidia kidogo maji yakishafika. Kazi yenyewe ni ya kiangazi: kuzibua kanivo, kupandisha fondasio kwa mawe, kurudisha miti mlimani. Kabla ya kununua parsele, tumuulize mzee wa mtaa ziwa lilifika wapi mwaka 1964. Na kila anayechimba mfereji ashuke kwanza kwa jirani yake wa chini, wapatane maji yatapita wapi. Hiyo ndiyo desturi ya wazee ambayo hatuna ruhusa ya kuiacha ipotee.