Magofu, Kokoto na Ukimya wa Msimulizi: Filamu ya These Hands kama Chanzo cha Historia ya Kunduchi

Kunduchi, kaskazini mwa Kawe katika Wilaya ya Kinondoni, ina mawe yanayobeba historia mbili. Karibu na ufuko yapo magofu ya msikiti na makaburi ya Waswahili, ambayo baadhi ya nguzo zake zilipambwa kwa vyombo vya kauri kutoka ng'ambo. Yapo pia machimbo ya kokoto zilizotumika kuijenga Dar es Salaam. Insha hii inajadili These Hands, yaani Mikono Hii, filamu ya Flora M'mbugu-Schelling ya mwaka 1992 iliyopigwa machimboni humo. Hoja ya msingi ni kwamba filamu hiyo inahifadhi historia ya ukimbizi ambayo utaratibu wa kuhifadhi magofu hauifikii.

Kwa kawaida filamu ya insha huongozwa na sauti. Katika Sans Soleil (1983) ya Chris Marker, mwanamke husoma barua za mpiga picha msafiri, na usomaji huo ndio unaounganisha Japani na Guinea-Bisau. M'mbugu-Schelling alimwondoa msimulizi. Kwa takriban dakika 45 kamera inakaa na wanawake, wengi wao wakimbizi kutoka Msumbiji, wanaoponda mawe kwa nyundo. Kinachosikika ni kazi yenyewe na lugha zao, Kiswahili na Kimakonde. Urefu wa siku hauelezwi kwa maneno. Mtazamaji anaupima kwa mapigo ya nyundo.

Ukimya huo una gharama zake. Mkono unaoponda jiwe hauwezi peke yake kueleza vita vilivyoanza Msumbiji mwaka 1977, wala mkataba wa amani uliotiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992, mwaka uleule wa filamu. Muktadha huo sharti uletwe na mwanahistoria. Hata hivyo, msimulizi angeweza kuwageuza wanawake hao kuwa mfano tu wa hoja yake. Bila yeye, wanabaki kuwa wafanyakazi wenye ustadi, uchovu na mazungumzo yao.

Suala hili linagusa pia sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Ya baadaye huhitaji tangazo la Waziri. Msikiti wa Kunduchi unaingia katika kinga hiyo. Kokoto haziingii: zikishachanganywa katika zege, hakuna alama inayomtambulisha aliyeziponda. Kwa mantiki hiyo, mtafiti wa historia ya Dar es Salaam anapaswa kuisoma These Hands sambamba na magofu, kwa kuwa kazi ya wakimbizi hao imo ndani ya kuta za jiji lakini haionekani humo.