Megawati 30 Zilizovuka Malaba

Historia ya mpaka wa Malaba huelezwa kupitia reli, malori ya masafa marefu na foleni za forodha. Stima hutajwa kwa nadra, ingawa ilivuka mpaka huu kabla ya Kenya na Uganda kupata uhuru. Mwaka 1954 Malkia Elizabeth alizindua bwawa la Owen Falls huko Jinja. Viwanda vya Uganda havikukua kwa kasi iliyotarajiwa, umeme ukabaki wa ziada. Nairobi nayo ilikuwa na njaa ya nishati. Mkataba wa 1955 ukaipa Kenya megawati 30 kwa miaka 50, na mwaka 1958 umeme ukaanza kusafiri kwa msongo wa kilovolti 132 kupitia Tororo hadi Nairobi. Tangu hapo watu wamehesabu mauziano hayo kwa vipimo vya udugu na uadui. Mimi naona kipimo kilichosahauliwa ni laini yenyewe.

Waya mfupi hupewa kikomo na joto: ukizidishiwa mzigo, hupata moto na kulegea. Waya mrefu hukwama mapema zaidi, kwa sababu nyingine. Mitambo ya pande zote mbili lazima iende kwa mapigo mamoja, mawimbi 50 kwa sekunde, na kadiri umeme mwingi unavyosafirishwa ndivyo upande unaotuma unavyotangulia upande unaopokea kwa pembe fulani. Pembe hiyo ikikaribia nyuzi 90, mtikisiko mdogo tu, radi au mtambo mmoja kuzimika, unatosha kuzitenganisha pande hizo, na vifaa vya kinga hukata laini. Urefu huongeza ukinzani wa waya. Msongo mkubwa hupunguza athari ya ukinzani huo, kwani ukiuzidisha msongo mara mbili uwezo wa kusafirisha huongezeka mara nne. Kutoka Jinja hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 400. Kwa kilovolti 132, njia ya namna hiyo haikuwa ya kupitisha mamia ya megawati, hata kama mawaziri wangekubaliana kila kitu.

Yupo atakayesema kwamba ni siasa iliyouzuia ushirikiano. Hoja hiyo ina nguvu: Februari 1976 Idi Amin alidai sehemu ya magharibi mwa Kenya, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Lakini mkataba wa umeme uliishi zaidi kuliko Jumuiya iliyokuwa na bunge na shirika la ndege. Wengine watauliza kwa nini basi haikujengwa laini kubwa zaidi mapema. Hapo siasa ndiyo jibu, nakubali. Kenya huru iliamua kujitegemea kwenye mto Tana, bwawa la Kindaruma likawaka mwaka 1968, kisha mvuke wa Olkaria mwaka 1981, na bei nafuu aliyouziwa jirani ikabaki donda kwa Waganda wengi. Uamuzi ulikuwa wa kisiasa. Ila matokeo yake yaliandikwa kwenye waya.

Matokeo hayo hayakubaki vilevile. Kiungo kilichokuwa kizito mbele ya gridi ndogo za 1958 kilizidi kuwa dhaifu kadiri gridi hizo zilivyonenepa. Upungufu wa ghafla Nairobi uliweza kuvuta umeme kutoka Uganda kupitia njia isiyoundwa kwa mshtuko huo. Na wakulima wa Teso, eneo la Malaba, waliishi miaka mingi jirani na minara bila taa, kwa kuwa msongo mkubwa hauwezi kuingizwa nyumbani bila kituo cha kuushusha, na kituo hugharimu zaidi ya matumizi ya vijiji vichache.

Laini mpya ya Lessos, upande wa Kenya, hadi Tororo imesanifiwa kwa kilovolti 400. Kwa kanuni ileile ya msongo, uwezo wake kwa urefu sawa unaweza kufika takriban mara tisa ya ule wa zamani. Huo ni ukombozi wa kweli, ila hitilafu nazo hupata njia pana zaidi. Septemba 2024, Kenya ilipopoteza laini ya Loiyangalani na kisha kiungo chake cha umeme na Ethiopia, sehemu kubwa ya nchi iliingia gizani. Kwa hiyo mafundi wa Tororo na Lessos wanahitaji kukubaliana mapema ni mzigo gani ukatwe kwanza, upande upi, na kwa kasi gani, kabla ya megawati ya kwanza ya ziada kuuzwa.