Simu Ilivyoweza Kuibiwa kwa Wimbo Tu: Sakata la 2015

Julai 2015 mtafiti mmoja wa Marekani alianika siri nzito: simu za Android, toleo 2.2 hadi 5.1, zilikuwa na tundu kwenye Stagefright, sehemu inayofungua video na muziki. MMS moja tu, jamaa yumo ndani. Oktoba ikawa balaa zaidi, hata MP3 ilitosha.

Huko Nyashimo, kama senta nyingi, nyimbo zilikuwa zinaingizwa kibandani, memori kadi baada ya memori kadi. Google walitoa kiraka, ila simu za bei chee nyingi hazikukipata. Wajanja walizima MMS zisijipakue zenyewe. Sawa, na ile kadi je?

Juni 2016 TCRA ikazima simu feki. Orijino za zamani, na tundu lake, zikabaki hewani.