Nakala iliyotengwa ndiyo kinga ya faili dhidi ya virusi vya kudai kikombozi

VIRUSI vya kudai kikombozi ni programu hasidi zinazopenya katika tarakilishi kisirisiri, zikazifunga faili kwa msimbo, kisha zikamtaka mwenyewe alipe pesa ndipo apewe ufunguo wa kuzifungulia. Malipo hayo aghalabu hudaiwa kwa sarafu za kidijitali kama vile Bitcoin. Msimbo ukiwa umeundwa vyema, hakuna fundi awezaye kuuvunja. Kwa hivyo, usalama wa faili hutegemea maandalizi yaliyofanywa kabla ya shambulio.

Uhalifu huu si mgeni. Mnamo 1989, disketi zipatazo 20,000 zilisambazwa kwa posta katika mataifa mbalimbali zikidaiwa kuwa na maelezo kuhusu Ukimwi. Tarakilishi ilipowashwa takriban mara 90, majina ya faili yalivurugwa na mwenyewe akatakiwa kutuma dola 189 kwa sanduku la posta nchini Panama. Aliyeshtakiwa nchini Uingereza kwa kitendo hicho ni Joseph Popp, mwanabiolojia Mmarekani aliyewahi kuwatafiti nyani nchini Kenya. Hata hivyo, kesi haikusikizwa kwa sababu ya hali yake ya akili.

Mnamo Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilishambulia zaidi ya tarakilishi 200,000 katika mataifa yapatayo 150, zikiwemo za hospitali nchini Uingereza. Kilipitia kasoro katika mfumo wa Windows ambayo Microsoft ilikuwa imetoa masahihisho yake mwezi Machi mwaka huo. Wengi walioathiriwa hawakuwa wameyaweka.

Funzo kubwa zaidi lilitolewa na kirusi cha NotPetya mwezi Juni mwaka uo huo. Kilianzia nchini Ukraine na kuikumba kampuni ya uchukuzi wa meli ya Maersk. Seva zilizotunza orodha ya watumiaji na haki zao katika mtandao wa kampuni hiyo zilikuwa zikinakiliana, na kwa kuwa zilikuwa zimeunganishwa, ziliangamia pamoja. Iliyonusurika ni moja tu, nchini Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umepotea na kuitenga na mtandao. Kutokana na nakala hiyo moja, kampuni iliweza kuujenga upya mtandao wake. Kulipa kusingefaa chochote, kwani NotPetya kilijifanya tu cha kudai kikombozi. Kusudi lake lilikuwa kuharibu.

JINSI YA KUJIKINGA

Wataalamu hupendekeza nakala tatu za kila faili muhimu, katika vifaa vya aina mbili, na moja kati yazo iwekwe mahali pengine. Mwenye duka au shule ndogo anaweza kutumia diski mbili za nje kwa zamu: moja nyumbani, nyingine kazini. Diski ichomolewe mara tu kunakili kunapokamilika. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba ya faili iliyoachwa imechomekwa huoza pamoja na asili yake.

Vivyo hivyo, hifadhi ya mtandaoni inayojisasisha yenyewe huweza kuzipokea faili zilizofungwa na kufuta zilizo nzima, isipokuwa huduma hiyo iwe inatunza matoleo ya awali. Aidha, nakala ijaribiwe mara kwa mara kwa kurejesha faili chache. Nakala isiyofunguka si nakala.

Fauka ya hayo, masahihisho ya mfumo yawekwe punde yanapotolewa, viambatisho vya barua pepe visivyotarajiwa visifunguliwe, na programu zilizoibiwa hakimiliki ziepukwe. Nywila ziwe ndefu, tena tofauti kwa kila huduma.

BAADA YA KUSHAMBULIWA

Hatua ya kwanza ni kuitenga tarakilishi: kuchomoa waya wa mtandao, kuzima Wi-Fi na kuondoa diski na flashi zote. Ni kosa kubwa kuichomeka diski ya nakala wakati huo, kwani nayo itafungwa.

Pili, ujumbe wa wahalifu upigwe picha na faili zilizofungwa zihifadhiwe. Kwa kutumia tarakilishi nyingine iliyo salama, mwathiriwa atembelee tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama wa tarakilishi. Tovuti hiyo hutoa bila malipo funguo za baadhi ya virusi. Faili isiyofunguka leo huenda ikafunguka ufunguo ukipatikana baadaye.

Tatu, diski ya tarakilishi ifutwe kabisa, mfumo uwekwe upya pamoja na masahihisho yake, nywila zote zibadilishwe, ndipo faili zirejeshwe kutoka kwa nakala.

Kulipa hakushauriwi. Hakuna hakikisho kwamba ufunguo utatolewa, na pesa hizo hugharamia mashambulizi mengine.

Nchini Kenya, sheria ya 2018 kuhusu uhalifu wa mitandaoni inamtaka mwendeshaji wa mfumo wa tarakilishi kuiarifu kamati ya kitaifa inayoshughulikia uhalifu huo katika muda wa saa 24 baada ya shambulio. Iwapo data za watu zimefikiwa na wahalifu na kuna hatari ya kuwadhuru wenyewe, Kamishna wa Data anapaswa kujulishwa katika muda wa saa 72, kwa mujibu wa sheria ya 2019.