Mgonjwa Aliyewafundisha Wachungaji Kusikiliza



Ndugu wapendwa katika Kristo, tafakari ya wiki hii tunaianza kwa kuungama kosa letu. Katika miaka ya mwanzo ya upadre wetu, mama mmoja alitujia jioni akasema kwamba mwanawe halali, anazungumza peke yake, na anadai kuwa Mungu amempa ujumbe kwa ulimwengu mzima. Hatukumwuliza mama yule swali hata moja. Tulimpa maji ya baraka, tukamwambia asali novena, tukamsindikiza hadi mlangoni kwa kuwa kikao cha halmashauri ya parokia kilikuwa kinatungoja. Hakurudi tena. Tulikuwa tumesoma falsafa na teolojia kwa miaka mingi, lakini kusikiliza tulikuwa bado hatujajifunza.

Ni baadaye tu tulipokutana na habari za Anton Boisen, mtu ambaye hakuwa Mkatoliki, lakini ambaye kila padre anayeketi karibu na kitanda cha mgonjwa anadaiwa shukrani naye.

Boisen alizaliwa mwaka 1876 mjini Bloomington, katika jimbo la Indiana huko Marekani. Baba yake, aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu, alifariki dunia mtoto akiwa na umri wa miaka saba. Kijana alisomea elimu ya misitu, kisha akajiunga na seminari ya Kiprotestanti mjini New York, akawa mchungaji. Maisha hayakumnyookea. Alitumika vijijini bila mafanikio makubwa, na kwa miaka mingi alimpenda mwanamke ambaye hakukubali kuolewa naye.

Mwezi Oktoba 1920 aliketi kuandika tamko la imani yake. Ghafla mawazo yakaanza kumiminika, akasadiki kwamba dunia imekaribia kuangamia. Jamaa zake wakaogopa, naye akapelekwa katika hospitali ya magonjwa ya akili. Alikaa katika hali ya mgonjwa kwa muda wa miezi kumi na mitano hivi.

Humo wodini aliona jambo ambalo mwenye afya hakuliona. Madaktari waliutazama mwili, wala hawakuwa na nafasi ya kuuliza habari za imani, dhamiri na majuto ya mgonjwa. Wachungaji waliokuja kuendesha ibada walihubiri wakaondoka, bila kujua lolote juu ya watu waliokaa mbele yao. Boisen alikumbuka mhubiri mmoja aliyechagua maneno ya Injili kuhusu jicho linalokosesha, kwamba ling'olewe. Aliogopa kwamba miongoni mwa wagonjwa wenzake wangeweza kupatikana wa kulitimiza neno hilo kama lilivyo! Mhubiri alikuwa na Neno la Mungu mkononi, ila hakuwajua aliokuwa akiwahubiria.

Alipopata nafuu, Boisen hakuificha historia yake. Mwaka 1924 aliajiriwa kuwa mchungaji wa hospitali ya magonjwa ya akili ya Worcester, katika jimbo la Massachusetts, na mwaka 1925 alipokea huko wanafunzi wanne wa kwanza wa teolojia. Hakuwakabidhi mimbari. Aliwapeleka wodini wafanye kazi za wahudumu, wawe pamoja na wagonjwa siku nzima, waandike kwa makini walichosikia, na baadaye wakijadili pamoja. Alifundisha kwamba kila mtu ni hati iliyo hai, na kwamba mchungaji anapaswa kumsoma mtu kwa heshima ile ile anayowapa Maandiko na vitabu vya walimu wa Kanisa. Kutokana na mbegu hiyo yalikua mafunzo ya uchungaji wa hospitalini, ambayo leo hata waseminari Wakatoliki hupitia mahali pengi.

Tusimfanye mtu huyu kuwa asiyekosea. Boisen aliamini kwamba baadhi ya machafuko ya akili ni kama homa: dalili kwamba nafsi inapigania uzima. Rafiki na msaidizi wake, daktari Richard Cabot, alishikilia kwamba chanzo cha maradhi hayo kimo mwilini, na jambo hilo liliwatenganisha. Leo tunajua kwamba dawa zinawasaidia wengi, na kumnyima mgonjwa dawa kwa jina la imani ni kumtendea vibaya. Boisen mwenyewe alirudiwa na ugonjwa mwaka 1930 na tena mwaka 1935. Kila mara alipata nafuu, akarejea kazini.

Mwaka 1964, padre kijana Mholanzi, Henri Nouwen, aliyekuwa amesomea saikolojia, alikwenda kumtembelea mzee huyo huko Marekani. Boisen alifariki dunia mwaka uliofuata. Nouwen alisoma na kuandika mengi juu yake, na mwaka 1972 akatoa kitabu chake maarufu kuhusu mponyaji aliye na majeraha. Padre huyo naye alipitia giza zito la moyo miaka ya 1987 na 1988, akasaidiwa na wengine kabla ya kuendelea kuwasaidia wengine.

Wapendwa, kwetu bado tunasema kwa mzaha kwamba fulani ni "wa Mirembe". Bado tunakimbilia kusema ni pepo, ni laana, au ni uhaba wa sala. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1673, inatufundisha kwamba kabla ya kufanya ibada ya kupunga pepo ni lazima kuhakikisha kwamba hatuko mbele ya ugonjwa, kwa maana kuutibu ugonjwa ni kazi ya sayansi ya utabibu. Sala na hospitali si maadui. Mpeleke ndugu yako kwa daktari, na umwombee njiani.

Katika njia ya Emau, Bwana Mfufuka aliijua habari yote kuliko wale wanafunzi wawili. Hata hivyo aliwauliza, akawaacha waseme huzuni yao hadi mwisho, ndipo akawafafanulia Maandiko. Sisi tulimjibu mama yule kabla hajamaliza kusema. Kama yupo miongoni mwenu anayebeba mzigo kama wake, na aje. Kikao cha halmashauri kitasubiri.

Mungu awabariki nyote, na Mama Maria, Afya ya Wagonjwa, awaombee.